Mwanzoni Kuna Salamu Tu

Ujumbe uliingia Jumanne asubuhi nikiwa nimesimama jikoni namenya mbatata, na nambari yenyewe ilikuwa ya China. "Zuwena wa Dokta Hanne? Ni Editha. Napita Dubai Alhamisi, nalala Garhoud siku moja tu. Nina hamu na wewe mpaka basi. Tule mchana?" Mpaka basi! Miaka ishirini na ushei hatujasemezana, na mwanamke yule anaandika kana kwamba jana tu tulikuwa sote tukigombania kiti cha karibu na kiyoyozi. Nikaiweka simu kifudifudi juu ya meza. Nitasema kweli tangu hapa, maana nimeshafika umri ambao kuficha kunanichosha kuliko kusema. Kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa furaha, wala hayakuwa majuto, ingawa majuto nilikuwa nayo ya kugawa. Nilihisi wivu. Nambari ya China! Mie ndiye niliyeisomea Asia. Mie ndiye ninayeitwa kwenye makongamano kueleza Asia ya leo ina maana gani kwa sera za Ulaya, kadi imening'inia shingoni na kichupa cha maji mbele yangu. Na yeye, aliyekuwa mhudumu wa hoteli pale Rigga, yuko huko huko kwenyewe, na mie mikono imejaa maganda.

Habari za ukoo wetu naziruka. Zimesimuliwa kila harusi, na ambao hawajazisikia ni viti tu. Itoshe kuwa mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na nne, nimezaliwa Deira, hapa Dubai, nina shahada, nina Kiingereza safi na Kiarabu cha vitabuni na cha sokoni, na nilikuwa najiona hakuna mfano wangu kuanzia Khor, ule mkono wa bahari, mpaka uwanja wa ndege. Dokta Hanne, mwanamke mwembamba aliyevaa viatu vya ngozi bila soksi, alikuja kutoka chuo kimoja cha kaskazini ya Ulaya na swali moja. Kwa nini wafanyabiashara wa Afrika Mashariki, waliokuwa wakinunua mashine na vipuri Ulaya, siku hizi wanakwenda Asia, na wengi wao wanapitia Deira? Wakubwa wa Ulaya walikuwa wanatengeneza sera yao ya biashara na nchi zetu, na walikuwa wamemwahidi Dokta kwamba watamsikiliza. Alipanga fleti Al Garhoud, ghorofa ya tatu, na chumba cha mbele akakifanya ofisi. Kila ndege ikipita vikombe vilikuwa vinatetemeka kabatini na sote tunanyamaza mpaka iishe. Ukutani palikuwa na ramani yenye nyuzi nyekundu kutoka Guangzhou, Mumbai na Karachi zikikutana hapa kwetu, kisha zikishuka Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam. Ulaya haikuwemo kwenye ramani ile. Nilipomuuliza, Dokta alisema Ulaya ndiyo inayoitazama. Siku hiyo hiyo alinieleza kwamba mwisho wa mwaka msaidizi mmoja ataondoka naye kwenda Brussels kusimama mbele ya hao wakubwa, na huyo ndiye atakayepewa nafasi ya kusoma chuoni kwake kwa miaka miwili, kila kitu kimelipiwa. Msaidizi mmoja. Nilikuwa peke yangu, kwa hiyo nilirudi nyumbani nikamwambia mama aanze kuulizia makoti ya baridi.

Kazi yangu ilikuwa kuzunguka ofisi za mawakala wa mizigo Deira, zile ofisi nyembamba zenye mizani mlangoni na maboksi yaliyopangwa mpaka darini, nikawahoji wanunuzi wanaotoka Kariakoo na Mombasa. Nilikwenda na baibui lililopigwa pasi na fomu zangu ndani ya jalada. Wakiniona, wanasimama. Soda inafunguliwa kabla sijaketi, na lazima aulizwe babu yangu ambaye alikuwa ameshakufa miaka tisa. Fomu ya ridhaa, ile karatasi ambayo mtu anasaini kukubali maneno yake yatumike, ilikuwa na bendera ya Ulaya juu, ile ya buluu yenye nyota. Wengine waliitazama kidogo kwanza, kisha wakasaini kwa heshima ya nyumba niliyotoka. Kisha nauliza kwa nini Asia, nao wananijibu, "Bei, binti yangu. China bei nzuri." Mmoja bei, wa pili bei, wa ishirini bei. Nikirudi Garhoud naziandika bei zao kwa Kiingereza cha kupendeza, na Dokta Hanne anasoma, anavua miwani, anasema asante sana Zuwena. Alikuwa na namna ya kusema asante ambayo haikuwa na kitu ndani, na mie sikuitambua mpaka nilipomsikia akimwambia mwingine asante yenyewe.

Huyo mwingine alikuwa Editha. Wiki zake za mwanzo Dokta alikuwa amekaa hotelini Rigga, na kila asubuhi aliona wafanyabiashara wetu wakimwita mhudumu mmoja kwa jina, wakimpa picha za watoto wao azitazame, wakimuuliza yeye duka lipi linadanganya. Mwezi wa tatu akamleta ofisini, saa nne kila siku, zamu yake ya asubuhi hotelini ikiisha. Msichana wa Songea, mrefu, mwenye pengo mbele na kicheko ambacho ulikisikia tangu kwenye lifti. Hakuwa na shahada. Kiingereza chake kilikuwa cha mayai na chai. Siku ya kwanza aliniamkia, mie wa rika lake! Kisha akaanza kuniita dada Zuwena, na nikaona sawa, anajua nafasi yake. Mchana mie nilikuwa nimeleta mkate wa kumimina alioupika mama maalumu kwa ajili ya Dokta, na Dokta alikuwa kama kawaida yake ameumega kipande cha ukubwa wa kidole akasema kitamu. Editha akaingia jikoni, akatoa mfuko kwenye mkoba, akasonga ugali na kuunga dagaa kwa nyanya na pilipili. Fleti nzima ikanuka Ziwa Nyasa. Nikasema moyoni, leo atafukuzwa. Dokta Hanne akatoka chumbani kwake, akavuta kiti, akaoshwa mikono kama mama mkwe, akala mpaka jasho likamtoka puani. Akalamba vidole! Mwanamke ambaye alikuwa anakata chungwa kwa uma. Mkate wa mama ulibaki pale katikati ya meza na pengo la kile kipande, na jioni niliubeba nikaurudisha nyumbani, nikasema Dokta anaumwa tumbo.

Kuanzia hapo nilikuwa na kazi ya pili. Editha anahoji kwa Kiswahili, ananiletea rekoda, na mie naweka vidude masikioni, naandika alichosema mtu na kukitia Kiingereza ili Dokta asome. Mwanzo nilikuwa nachelewa, na sababu ilikuwa salamu. Editha akisalimiana na mtu ni dakika sita. Shikamoo, za kuamka, za safari, mama watoto, yule mdogo aliyekuwa na surua, mvua, mgongo, msiba wa jirani. Mie ndiye niliyemshauri Dokta Hanne kwamba salamu tuziruke na tuanzie kwenye swali la kwanza. Aliuliza kama hatupotezi kitu. Nikamjibu, na naikumbuka sauti yangu ilivyokuwa na uhakika, "Mwanzoni kuna salamu tu." Ikawa ndiyo kanuni ya ofisi, imeandikwa kwenye karatasi ya njano na kubandikwa juu ya kompyuta yangu.

Lakini kusikiliza nilikuwa nasikiliza. Wanaume wale wale walionipa soda na bei! Alikuwepo mzee mmoja wa Kariakoo, nitamwita Athumani ingawa silo jina lake, muuza mashine za kusaga. Mie alinijibu kwa robo saa, bei, na akaniulizia babu yangu. Editha alikaa naye kwenye kona ya mkahawa wa hoteli akiwa hajavaa sare, na mzee yule akafunguka. Alisema miaka kumi alinunua vipuri vyake Ulaya kwa barua na simu, na vilikuwa vipuri vya kweli, mpaka leo hajaona chuma kama kile. Akataka aende mwenyewe akaone kiwanda. Ubalozini alisimama dirishani mara tatu, na mara tatu akanyimwa viza, na mara ya tatu kijana aliyekuwa nyuma ya kioo alimuuliza, mbele ya foleni, kama ana hakika atarudi kwa watoto wake. "Miaka hamsini na nne, mwanangu, nina maduka mawili na msikiti nimejenga mimi, naulizwa kama nitawakimbia watoto wangu." Wachina walimtumia barua ya mwaliko kwa wiki moja. Alipotua Guangzhou alikuta mtu ameshika kibao cha karatasi ngumu kimeandikwa jina lake, herufi mbili zimekosewa. Hapo kwenye rekoda panasikika kitu kinawekwa mezani, na Editha anasema, "Baba, bado unacho?" Alikuwa nacho. Anatembea nacho kwenye begi. "Chuma chao kibovu," alisema, "lakini walikuja kunipokea."

Nilivua vile vidude nikatoka nikasimama kwenye baraza, jua la saa saba linanipiga utosini. Hilo ndilo jibu tulilokuwa tunalitafuta mwaka mzima, mtoto mchanga angelijua. Haikuwa bei. Na wenzake kumi waliohojiwa na Editha walisema lile lile, kila mmoja kwa dirisha lake na foleni yake. Niliona wivu wa mwili. Kwa nini hakuniambia mie? Nilikuwa nimevaa vizuri, nimeuliza vizuri, nimeleta fomu. Siku chache baadaye nikiwa jikoni nachemsha maji nilimsikia Dokta Hanne chumbani kwake akizungumza na simu, mlango haukufungwa sawasawa. Alikuwa anaongea kwa Kiingereza na mwenzake wa chuoni. "Zuwena ni hodari wa lugha, sina neno," alisema. "Lakini huyu Editha ndiye wanayemwambia. Namleta huyu. Kiingereza atajifunza." Maji yakachemka yakamwagika yote jikoni, na mie nimeshika majani ya chai mkononi. Khalas, imekwisha. Koti langu la baridi lilikuwa limeshanunuliwa, linaning'inia kabatini na karatasi yake.

Wiki mbili baada ya hapo ikaja barua kutoka chuoni. Ilikuwapo kamati ya kuangalia kama watu waliohojiwa wametendewa haki, na kamati imehesabu fomu za ridhaa. Za Zuwena zote zipo. Za Editha, kumi na moja, hakuna hata moja. Editha aliitwa. Akaeleza kwa Kiingereza chake, na pale alipokwama mie nikatafsiri, nikatafsiri vizuri kabisa. Alisema wazee wale hawasaini karatasi yenye nyota zile, kwa sababu ndizo nyota za kwenye dirisha la viza. Wengine walikuwa wamesaini ya dada Zuwena kwa heshima, na wanaona imetosha. Kwa hiyo yeye aliwaomba kwa mdomo, na wakakubali kwa mdomo, na rekoda ilikuwa imewashwa. Dokta Hanne akapumua. Kamati ilikuwa inaruhusu hivyo, almuradi sauti isikike. Akanigeukia, na sitasahau jinsi uso wake ulivyokuwa umejaa matumaini. "Zuwena, wewe ndiye mwenye rekodi. Sikiliza mwanzo wa kila moja, uniambie kama ipo."

Nilisikiliza siku mbili. Sitajitetea kwamba nilisikia nusu, au mashine ilikuwa inakwaruza. Ilikuwepo kwenye zote kumi na moja, na ilikuwepo ndani ya salamu. Editha alifanya kama sisi sote tulivyolelewa kufanya. Ombi zito kwa mtu mzima hulitupi mezani kama karata. Unalipitisha kati ya hali ya watoto na habari ya mvua, polepole, ili akitaka kukataa akatae bila wewe wala yeye kuona haya, kisha mnaendelea na mgongo wake kana kwamba hakikuombwa kitu. Mzungu asingeliona hata angejua Kiswahili. Mie niliona. Mie ni mtoto wa nyumba ambayo hata chumvi inaombwa hivyo. Rekodi ya Bwana Athumani niliisikiliza mara mbili, kwa sababu ndani ya ridhaa yake kuna maneno yanayonihusu, na maneno yenyewe yalinichoma, na badala ya kunilainisha yakanitia hasira zaidi. Ndiyo tabu ya wivu, hata ukitendewa wema unauona ni ujeuri. Siku ya tatu niliingia chumbani kwa Dokta Hanne. Alikuwa anakula dagaa waliobaki, wamepoa, kwenye bakuli. Nikamwambia, "Nimezisikiliza zote. Mwanzoni kuna salamu tu."

Unaweza kusema sikudanganya. Nilijiambia hivyo kwa miaka. Dokta aliweka bakuli chini, akasema neno la kwao ambalo halihitaji tafsiri. Editha alipofika saa nne alikuta tumekaa. Alisikiliza mpaka mwisho, akanitazama mie, siyo kwa shaka, alinitazama kama mtu anayeuliza njia. "Zote, dada?" Nikasema zote, pole sana. "Basi nitakuwa nilichelewa kubonyeza," akasema. "Mimi na mashine jamani! Nitakuwa nilibonyeza baada ya salamu." Hakuomba asikilize mwenyewe. Angeomba, sijui ningefanya nini. Mahojiano yake yakaondolewa kwenye utafiti, kumi na moja, na kamati ikaagiza yafutwe. Yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuendelea. Siku aliyokuja kuchukua sufuria yake jikoni alinikumbatia, akanong'ona nikamwakilishe vizuri huko Ulaya, na kichwa chake kilikuwa kinanuka sabuni ya hotelini. Nilifuta rekodi kumi. Ile moja, ya Bwana Athumani, nilishindwa, nikaihamishia kwangu, na tangu hapo nimekuwa nikiihamisha kutoka kompyuta moja hadi nyingine na simu moja hadi nyingine.

Brussels kulikuwa na mvua, na koti langu lilikuwa jepesi, mama alidanganywa. Chumba kilikuwa na meza ya mviringo, na kila mtu ana kidude sikioni cha kusikilizia wafasiri waliokaa nyuma ya kioo. Nilizungumza dakika kumi, nikazungumza vizuri. Kisha mwanamume mmoja mwenye tai ya buluu, ambaye alikuwa amenisikiliza kweli, akanyanyua kalamu akauliza: je, ni bei tu? Hakuna jambo jingine ambalo sisi huku tunaweza kulirekebisha? Nakwambia, lilikuwepo mdomoni. Kibao cha karatasi ngumu, herufi mbili zimekosewa, kijana nyuma ya kioo. Hakuna kamati ambayo ingenizuia kusema kwamba nimesikia watu wakilalamikia viza. Lakini nilijua nikisema hivyo Editha ataingia chumbani mle na kicheko chake, na watamtazama yeye, na Dokta Hanne aliyekaa pembeni yangu atatoa ile asante ya kweli. Nikasema, "Ni bei." Nikaisikia ikipita kwa wafasiri, bei kwa Kifaransa, bei kwa Kijerumani, na yule bwana akainamisha kichwa akaandika. Sijui sera ile iliandikwaje mwisho wake, sera haitoki kwenye mdomo wa mtu mmoja. Ninachojua ni kwamba kwenye ripoti yetu, ukurasa unaoeleza kwa nini, pameandikwa bei, na chini yake pana jina langu.

Alhamisi nilikwenda. Nilivaa vizuri kuliko inavyostahili chakula cha mchana, na nikafika mapema ili nimwone akiingia. Akaingia! Mnene, pengo lile lile, buti za vumbi ndani ya mkahawa wa hoteli, na kabla hajanifikia alikuwa ameshamwuliza mhudumu Mganda jina lake na la mama yake. Akanikumbatia mpaka mkoba ukaanguka. Ameagiza kila kitu, biriani, samaki, saladi, na anakula anazungumza. Kumbe baada ya Garhoud, Bwana Athumani alimwambia, "Wewe unajua kuuliza, nenda ukaniulizie mashine." Akamtuma China. Akaenda mara ya kwanza, ya pili, mzee akamwachia njia, na sasa mashine za kusaga za nusu ya kusini ya Tanzania zinapita mikononi mwake. Viwanda vinamjua. Anakijua Kichina cha kubishana. Nikakaa pale, mie mtaalamu, ambaye nimefika Guangzhou mara mbili na nikalala kwenye hoteli ya mkutano, na sikuona aibu hata kidogo, niliona wivu upya. Hata kuumia kwake kumemfaa!

"Mzee Athumani amefariki, ulisikia?" akasema. "Mwaka jana. Nimelia mimi kama amenizaa." Kisha akacheka, akapangusa mdomo. "Lakini ile Ulaya aliyoniahidi Dokta iliniuma, Zuwena, nisikudanganye. Nina wafanyakazi sita. Makubaliano na kiwanda tunarekodi, basi kila anayekuja namfundisha jambo moja kabla ya mshahara. Washa kwanza, ndipo usalimie. Nawaambia mama yenu alipoteza chuo kizima kwa kuchelewa kubonyeza kitufe. Wanangu wananitania mpaka leo."

Nikamsukuma samaki pembeni ya sahani. Miaka ishirini na zaidi mtu amebeba kosa langu, analifundishia watoto. Sikupanga kusema, naapa, nilikuwa nimekwenda kumtazama tu. Lakini mkono ulikwenda wenyewe ukatoa simu, nikaitafuta, nikaiweka mezani kati ya biriani na saladi, nikabonyeza. Sauti yake ya usichana ikasema shikamoo baba. Akaacha kutafuna. Tukasikiliza zile dakika sita zote. Mhudumu alikuja na maji, akaona nyuso zetu, akarudi nayo.

"Kwa hiyo nilibonyeza," akasema.

"Ulibonyeza."

"Na wewe ulisikia."

"Nilisikia. Hiyo mara mbili."

Alivua buti moja chini ya meza, sijui kwa nini, nadhani alikuwa anatafuta kitu cha kufanya. "Kwa nini, Zuwena?"

"Wivu."

"Wivu wa nini? Mimi nilikuwa nalala watu wanane chumba kimoja, kafeel aliyenidhamini ameshika pasipoti yangu, nina sare moja nafua kila siku. Wewe ulikuwa na kila kitu. Wivu wa nini jamani?"

"Wa dagaa," nikasema. "Alikula dagaa zako."

Akanitazama. Kicheko kikamtoka, kile kile cha lifti, watu wakageuka, na katikati yake kikageuka kilio, na akalia bila kujificha, kitambaa cha hoteli usoni. Mie nilikaa mikono mapajani. Nilitaka kumshika bega na niliona sina haki hiyo. Alipomaliza alivaa buti lake, akafunga kamba taratibu. "Sijui kama nitakusamehe," akasema. "Labda inshallah, kama mnavyosema huku. Leo hapana. Hiyo sauti nitumie, watoto wa mzee wanataka kumsikia baba yao. Na wewe si mwandishi wa vitabu siku hizi? Basi iandike. Jina la mzee usiweke, nilimwahidi. Langu weka." Akasimama, akachukua mkoba. "Na usianzie kwenye swali la kwanza."

Naanza.

— Shikamoo baba.

— Marahaba mwanangu. Umeamkaje?

— Salama. Za safari?

— Safari njema, mgongo tu.

— Pole. Mama watoto hajambo?

— Mguu unamsumbua, lakini anakusalimia.

— Nami nampa pole. Na yule mdogo, surua imeisha?

— Imeisha, anacheza.

— Tunashukuru. Baba, lile nililokuomba juzi, la maneno yako kwenda Ulaya, umelifikiria?

— Nimelifikiria. Karatasi ya nyota sisaini tena.

— Usisaini baba. Na jina lako halitatajwa.

— Atakayesikiliza ni nani?

— Ni dada yangu pale ofisini, Zuwena. Ndiye anayeandika.

— Yule binti aliyekuja na jalada?

— Huyo huyo. Mwamini, baba. Huyo hapunguzi neno.

— Basi nimekubali. Na akisikia hapa, mwambie namwomba radhi, siku ile nilimjibu juu juu. Nyumbani Songea mvua zimeanza?

— Zimeanza baba, wanapanda.

— Alhamdulillahi. Haya, uliza.